Shosho Aliyekata Filamu

Dalali aliyenitafutia kazi Saudia aliniambia nimeangukia bahati. Wasichana wengine aliokuwa anawapeleka walikuwa wanaenda kupika, kufua, kulea watoto wa watu na kusugua vigae mpaka ving'are. Mimi nilikuwa naenda kukaa na mama mzee anayetaka mtu wa kuongea naye Kiingereza. "Kazi ya kukaa, dada," alisema. "Kula, kulala, kuongea." Tangu nizaliwe sijaona kazi ya kukaa ikitafuta mtu wa nje, kazi ya namna hiyo huwa na wenyewe. Lakini ilikuwa ile miaka ambayo kila ploti mtaani kwetu Nakuru ilikuwa na msichana aliyepanda ndege kwenda Riyadh au Jeddah, na baba ya mtoto wangu alikuwa amebadilisha nambari ya simu. Niliweka sahihi.

Binti yangu alikuwa ndio anaanza kuunganisha maneno. Niliondoka akiwa amelala mgongoni mwa mamangu. Majirani ndio walionishauri: usimuage, ukimuaga hutafika hata stendi. Niliwasikiliza, na muda wote niliokaa huko nilijiuliza alipoamka alisema nini. Mamangu hakuwahi kuniambia, nami sikuwahi kumuuliza.

Nyumba ilikuwa Malaz, Riyadh, ghorofa ya zamani yenye madirisha ambayo sikuwahi kuona yakifunguliwa. Bosi alikuwa mtu wa ofisini, mpole wa sauti, mgumu wa jambo. Madam, mkewe, alinionyesha kitanda changu kwenye chumba cha mama mzee, akachukua pasipoti yangu akampa mumewe, kisha akaniambia kwa Kiingereza cha kuokoteza kwamba huyo mzee si mamake bosi. Alikuwa mke wa marehemu babake, na alikuwa Mmarekani. "Mgumu," alisema, akajigonga kichwa kwa kidole. Hapo nikajua kwa nini mimi mwenye Kiingereza ndiye niliyeangukia.

Mmarekani mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kochi la mtu mmoja mbele ya televisheni, mtandio umemwangukia mabegani, uso ameugeuza pembeni kama mtu anayesikiliza mlangoni. Nilipomsalimia hakunigeukia. Aliniuliza, "Yule mwanamume anafanya nini?" Nilidhani anamuulizia bosi, nikaanza kueleza kwamba yuko koridoni anaongea na simu. Kumbe alikuwa anamuulizia mwanamume wa kwenye televisheni.

Macho yake yalikuwa yamekufa katikati. Akikutazama moja kwa moja hakuoni. Akigeuza uso kidogo anaona ukungu wa mwili wako. Madaktari walikuwa wamesema hakuna la kufanya. Na huyu alikuwa mtu aliyekula jasho la macho yake maisha yote. Alikuwa mhariri wa filamu Hollywood, kazi ya kukata picha na kuziunga mpaka ziwe hadithi, tangu akiwa msichana mpaka akawa bibi kizee. Nilipoambiwa hivyo niliguna tu. Nilijua kila Mmarekani akizeeka husema aliwahi kupita Hollywood.

Mimi nami nilizijua filamu, kwa njia yangu. Kakangu mkubwa alikuwa dijei kwenye banda la video kule kwetu. Dijei wa filamu ni mtu anayekaa na maikrofoni kando ya skrini, filamu ikiwa inaendelea, anawaeleza watu kwa Kiswahili na Sheng kinachotendeka. Hatafsiri tu. Anawapa wahusika majina ya mtaani, anawatania, anawaonya, anatabiri atakayekufa na anadai alijua tangu mwanzo. Banda lilikuwa la mabati, viti vilikuwa mbao za kuezekea, na sauti ya kakangu ilikuwa juu ya kila kitu. Watu walilipa kumsikia yeye, filamu ilikuwa kisingizio.

Basi shosho (nilianza kumwita hivyo siku ya pili, aliuliza maana yake, nikamwambia ndivyo tunavyoita nyanya kwetu, akakubali) aliponiambia nimsimulie, nilisimulia kama kakangu. Nikamwambia huyu jamaa amekasirika vibaya sana, mkewe amemkosea, sasa anapanga kulipiza, na yule wa koti ndiye nyoka wa filamu hii, ngoja tu utaona.

"Nyamaza," alisema. "Umejuaje anachofikiri? Mikono yake iko wapi?"

"Mfukoni."

"Basi sema iko mfukoni. Kama amekasirika nitajua mwenyewe."

Niliudhika. Nyumbani nilikuwa nikisifiwa kwa masimulizi. Lakini mgeni njoo mwenyeji apone ni methali ya watu wenye karamu. Mimi nilikuwa mgeni wa kazi, nikameza. Nikajifunza kusema mikono iko wapi, macho yametazama wapi, mlango uko wazi au umefungwa. Kila nilipoweka neno "kwa sababu" alininyamazisha.

Jambo la pili lilikuwa gumu zaidi. Alitaka kujua kila mahali picha inapobadilika. Unamwona mtu anaongea, kisha ghafla unamwona anayemsikiliza. Hapo katikati kuna mtu aliyekata, na mtu huyo ndiye aliyeamua ukae na uso gani na kwa muda gani. Watazamaji hawaoni, alisema, na hiyo ndiyo kazi yenyewe, wasione. Akaweka mkono wake juu ya mkono wa kochi, kiganja chini, akaniambia: picha ikibadilika, nigonge hapa kwa kidole. Usiseme lolote. Gonga.

Mwanzoni niligonga ovyo, nikichelewa, mpaka kichwa kikaniuma. Kisha siku moja macho yangu yakafunguka. Tangu siku hiyo sijaweza kutazama filamu kama mtu wa kawaida. Kidole kinacheza chenyewe juu ya goti. Nilimlaumu kwa hilo na bado namlaumu.

Ndivyo tulivyoishi. Asubuhi nilimwogesha, nikamvisha, nikampa mkate na jibini, kisha tukakaa mbele ya chaneli ya filamu za Kiingereza, mimi nikisema na kugonga, yeye akisikiliza na uso wake wa pembeni. Maisha yake alinipa vipande vipande, wakati wa matangazo ya biashara na baada ya sala, ambayo aliisali akiwa ameketi.

Mamake alikuwa mfuaji wa nguo za watu. Yeye aliingia kiwandani, maana hata filamu zina kiwanda, kubeba makopo ya mikanda kutoka jengo hadi jengo. Kisha akawekwa kwenye chumba cha wanawake watupu, wenye glavu nyeupe, wakiunga mikanda kwa gundi. "Walitupa sisi kazi hiyo kwa sababu waliiona kama kushona," aliniambia. "Walipogundua ni kama kuandika, wakaanza kuwapa wanaume." Lakini yeye hakutoka. Alikaa akiwa msaidizi wa huyu na yule, akining'iniza vipande vya mkanda kwenye vikulabu, akijua kila kipande kiko wapi, mpaka siku mkubwa wake alipougua katikati ya filamu na hakukuwa na mwingine aliyejua kila kipande kilikokuwa, ndipo wakampa yeye mkasi.

Aliwahi kupewa mwigizaji mashuhuri asiyejua kulia. Watu wote wa filamu ile walikuwa wameshika vichwa. Shosho akatafuta kipande ambacho kamera iliachwa ikizunguka kabla ya kazi kuanza, yule bwana ameketi anangoja chai yake, uso mtupu. Akakiunga baada ya picha ya jeneza. Ukumbi mzima ulilia, na mwigizaji akasifiwa kwa kulia bila machozi. "Yeye alipata sifa," alisema, "mimi nilipata mafua ya chumba cha baridi." Alicheka peke yake. Ndiyo sababu hakuwahi kuwaamini waigizaji. Alisema mtu akijua anatazamwa, uso wake huharibika, na hakuna mkasi wa kuutengeneza.

Kulikuwa na kanuni moja aliyoipenda kuliko zote. Usimwache mtu afike mlangoni. Mtu anasimama, anachukua kofia, na kabla hajageuka kuaga, wewe tayari umekata, mtazamaji yuko mji mwingine na moyo wake umebaki nyuma unamtafuta yule mtu. Filamu zake zote, alijisifu, hazikuwa na kwaheri hata moja. Kwaheri huosha uchungu, na yeye hakutaka uoshwe.

Nilimwambia kwetu mtu anayeondoka bila kuaga ni mwizi au mchawi. Halafu nikamkumbuka mtoto wangu mgongoni mwa mamangu.

Siku moja filamu aliyoikata yeye ilitokea kwenye chaneli ile. Aliijua kwa muziki wa mwanzo, akaketi wima. Na mimi niliijua vilevile, kwa sababu niliwahi kuiona bandani kwetu. Nilimwambia kwa furaha. Tukafika mahali ambapo mwanamume ameketi kando ya kitanda cha mkewe mgonjwa, na hakuna anayesema kitu. Aliniambia aligombana na mwongozaji wa filamu kwa wiki kadhaa juu ya kimya kile. Mwongozaji alitaka vinanda. Yeye alisimama kidete mpaka kimya kikabaki kimya.

"Na kakako alifanya nini hapo?" aliuliza.

Nilipaswa kudanganya, lakini sikupata uongo wa haraka. Hapo ndipo kakangu alipokuwa akitangaza mandazi ya mama wa nje na mechi ya kesho yake. Nilimwambia.

Aligeuka kunitazama moja kwa moja, upande ule asioweza kuniona. Shingo ilimvimba. "Watu walifanya nini?" Nikasema walicheka. Naye akacheka, akacheka mpaka akakohoa, nikampa maji. "Wiki zangu zote," alikuwa akisema. "Mandazi." Nadhani siku hiyo ndiyo tulipoanza kupendana, ingawa aliendelea kuninyamazisha.

Madam hakupenda kelele za televisheni kutwa, na hakupenda jinsi tulivyocheka. Kulikuwa na maneno kati yake na bosi nyuma ya milango. Mwisho bosi alimpeleka shosho Jeddah, kwenye nyumba ya marehemu babake kule Al-Baghdadiyah, na mimi nikapelekwa pamoja na vitu. Ilikuwa fleti juu ya maduka, rangi ikibanduka kwa unyevu wa bahari, lakini shosho alijua kila kona yake kwa kupapasa. Ndipo alipoishi na mumewe. Walikutana Marekani kwenye chumba cha kungojea cha hospitali, yeye akingoja daktari wa macho, mzee akingoja wa moyo, wote wawili watu wazima waliokwisha kuchoka na watu. Akamfuata mpaka huku. Wenzake walimuuliza atawezaje kuhamia nchi ambayo wakati ule haikuwa na sinema hata moja. Aliwajibu ameshakaa sinema vya kutosha, sasa anataka mwanamume anayeamka akachemsha chai.

Jeddah tulipewa dereva, Mkenya mwenzangu, mtu wa Kakamega mwenye mdomo. Yeye alikuwa akileta chakula, dawa, na habari za bosi aliyebaki Riyadh. Na Jeddah ndiko mkataba wangu ulikoisha.

Nilimpigia bosi simu. Alinisikiliza kwa upole wake wote, akasema, "In shaa Allah, baada ya Ramadhani." Ramadhani ikaja ikaenda. Akasema baada ya Hija. Hija nayo ikaisha, mahujaji wakapita Jeddah na mizigo yao wakirudi makwao, mimi nikiwatazama dirishani. Akasema sasa anatafuta msichana mwingine anayejua Kiingereza, akimpata tu, halas, yamekwisha, nitakwenda. Hakuwa akimtafuta. Kwa nini amtafute? Na bila ruhusa ya kafili, yule bosi aliyekuandikisha, hutoki nchi ile, hata uwe na tiketi mkononi.

"Dadangu, mvumilivu hula mbivu," dereva aliniambia.

"Mbivu nayo huoza," nilimjibu.

Hakukuwa na mtu aliyenipiga wala kuninyima chakula. Nilisikia ya wasichana wengine, nikajua yangu ni afadhali, na kila nilipolalamika moyoni niliona haya. Lakini mtoto wangu alikuwa anakua. Alikuwa ameanza shule. Kwenye simu alikuwa akisema maneno machache, kisha namsikia akikimbia. Niliogopa jambo moja tu: kwamba nitarudi nimkute mtoto wa mtu mwingine. Hofu hiyo nililala nayo na kuamka nayo.

Ndipo jirani yetu wa Nakuru mwenye simu nzuri alipomrekodi mtoto akanitumia video. Nilikuwa nimeketi na shosho mchana, umeme umekatika, televisheni imezimika. Alisikia sauti ya mtoto akauliza ni nani. Nikamwambia. Akasema, "Nisimulie."

Mtoto alikuwa amesimama karibu na tangi la maji, sweta la shule limemzidi. Hakuwa akiitazama kamera. Alikuwa akimtazama mtu aliyeishika. Kisha akasema, "Halo mami, nimekumiss, rudi haraka," kwa sauti ya kukariri shairi. Sikuweza kuyasema hayo. Nikamwambia shosho kwamba anacheka, anaruka ruka, ananipungia mkono.

"Rudia," alisema.

Nilirudia. Akaniambia nirudie tena, na safari hii nisiseme chochote. Hakujua neno la Kiswahili zaidi ya "shosho". Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Kuna mtu mwingine hapo," alisema. "Anapumua kabla mtoto hajasema. Anamnong'oneza maneno, mtoto anayarudia. Na mtoto huyo hacheki. Mtoto anayecheka hasimami tuli hivyo, ningesikia miguu."

Nililia mbele yake kwa mara ya kwanza. Nilimwambia ni kweli, nimemdanganya, mtoto wangu hanijui, ananiongelesha kama mgeni rasmi wa shule. Nilisema na mengine, juu ya bosi na Ramadhani zake, na kwamba ninazuiliwa kwa sababu ya macho yake yeye. Hilo sikuwa nimewahi kulisema.

Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwa amenipa katika vipande vyake vyote. Alikuwa na mtoto wa kiume, wa ndoa ya kwanza. Alimpeleka kwa dadake ili amalizie filamu moja, kisha nyingine. Kila Jumapili alikuwa akipiga simu, na kabla mtoto hajaongea alikuwa akimsikia dadake akinong'ona: mwambie mama halo. "Nilikuwa natamani kuukata mnong'ono ule," alisema. "Ndio ufundi wangu, na huo sikuuweza." Yule mtoto sasa ni mzee, anaishi Marekani, na mama yake ni yule dada.

Bosi alipokuja tena kutoka Riyadh, shosho alimwomba mbele yangu, kwa upole ambao sikujua anao, aniruhusu nirudi nyumbani kwa mwanangu. Bosi alimbusu kipaji cha uso. "In shaa Allah, mama," alisema. "Lakini nani atakusomea picha? Subiri kidogo." Alipoondoka, shosho alisema jina la mumewe marehemu mara mbili, kama mtu anayemshtaki mwana kwa baba, halafu akaniambia niwashe televisheni.

Safari iliyofuata bosi alitukuta katikati ya filamu, baada ya chakula cha Ijumaa. Mimi nilikuwa nagonga mkono, nasimulia. Shosho akaurudisha mkono wake kifuani. "Zima," alisema. Kisha akageuza uso kwa bosi.

"Simtaki huyu."

Nilidhani nimesikia vibaya. Bosi naye aliuliza mara mbili.

"Anaongea kupita kiasi. Na ni mwongo," shosho alisema. "Ananidanganya ninachokiona. Aliniambia mtoto anacheka, na hakuwa akicheka. Mimi ni kipofu, siwezi kukaa na mtu anayenidanganya."

Kitu nilichompa nikilia, alikuwa amekigeuza kisu. Niliita, "Shosho," hakujibu. Bosi alisema basi, atanipeleka ofisi ya wafanyakazi, wanipe nyumba nyingine. Ndivyo wanavyofanya, unakataliwa hapa, unasukumwa kule, na mkataba unaanza upya.

"Hapana," alisema. "Kwao. Apelekwe kwao. Akibaki mji huu nitajua, na sitakula."

Bosi aliogopa sana neno lile la kutokula, maana kulikuwa na jamaa na majirani wa kumsema. "Halas, mama," alisema. "Halas."

Siku zilizobaki hakuniongelesha. Televisheni ilikaa imezimwa. Nilimwogesha na kumvisha akiwa mzito mikononi mwangu, nami nilikuwa namchukia waziwazi, nikibamiza sahani. Nilikuwa naenda nyumbani, jambo nililoliomba kila siku, na nilikwenda kwa aibu, kama mwizi aliyefukuzwa. Bosi alipoleta pasipoti yangu, shosho alitaka aishike kwanza. Aliifungua, akaipapasa kurasa, akairudisha.

Siku yenyewe nilipiga magoti mbele ya kochi. Hasira ni hasira, lakini mimi nimelelewa, siwezi kumwacha mtu mzima bila kumpa mkono. Nilipougusa mkono wake aliuvuta ndani ya mtandio. "Yalla," bosi alisema mlangoni. Nikabeba begi langu.

Ndani ya gari, tukiwa wawili tu, nililia kwa uchungu mpaka dereva akazima redio.

"Wacha kulia, wewe," alisema. "Shosho aliniita jana, unajua? Aliniuliza kama pale airport naweza kuingia hadi karibu na kule wanakagua pasipoti. Akaniambia nisirudi mpaka nikuone umepita. Akasema hata bosi akinipigia nikupeleke ile ofisi ya wafanyakazi, nijifanye simu imekufa. Sasa huyo ni mtu anakuchukia?"

"Mbona hakuniambia?"

"Aliniambia nisikuambie. Alisema ukijua, sura yako itaharibika, bosi ataona." Akaangalia kioo. "Lakini mimi si filamu yake. Nimekuambia."

Tulikuwa kwenye barabara ya kando ya bahari, Corniche, jua kali, watu wachache. Nilitaka ageuze gari. Nilimwambia ageuze. Alikataa, na nilijua yuko sawa. Nilikaa pale nyuma nimeshika begi, na mkono wangu wa kulia ukahisi baridi mahali ulipomgusa.

Nyumbani binti yangu alijificha nyuma ya mamangu. Nilikuwa nimemwomba mama kwa simu asimnong'oneze kitu, na mama, ambaye hakuelewa, alijikaza akanyamaza. Mtoto alinitazama juu mpaka chini. "Anti, umeleta nini?" aliuliza. Anti. Alinipiga kwa neno hilo miezi mingi, bila ubaya, mbele za watu. Nilimfulia, nikampeleka shule, nikajifunza chakula asichopenda. Usiku alilala kwa mamangu. Sikumlazimisha, ila niliyauma mashavu yangu kwa ndani mpaka yakatoka damu.

Jumamosi moja nilikuwa nafua uani, yeye anacheza na povu, simu ikalia. Alikuwa dereva wa Jeddah. "Kuna mtu anataka kukusikia," alisema. "Lakini amesema hataongea."

Kisha nikasikia mashine ya baridi ya kile chumba, ile iliyokuwa ikikoroma. Televisheni haikusikika. "Shosho," nilisema. Hakujibu. Nilijua anasikiliza na uso wake wa pembeni.

Nilimtazama mtoto. Nikainama, nikafungua mdomo nimwambie sema halo, na nikaufunga. Niliweka simu kati yetu, nikangoja. Kilikuwa kimya kirefu. Kakangu angekwisha kutangaza mandazi. Povu lilikuwa likipasuka kwenye karai. Mtoto aliitazama simu, akanitazama mimi, akakunja uso.

"Mami," alisema, "mbona umenyamaza hivyo?"

Kutoka Jeddah nilisikia pumzi ikivutwa, ikikaa, ikitoka. Halafu simu ikarudishwa kwa dereva. Hakuaga.

"Amenipa simu yangu," dereva alisema. "Mlikuwa mnaongea nini? Sijasikia mtu akiongea."

Nilimuuliza mikono yake iko wapi.

"Ya shosho? Mmoja uko kwa mtandio," alisema. "Huo mwingine ameuweka hapa juu ya mkono wa kochi, kiganja chini."